Sikio la Upande wa Saa

...na kamba bado iko mkononi, imelowa, mlango wa zizi haujapanda hata kidogo, na yule dume la palahala, swala mkubwa wa pembe zilizopinda, amegeuka akamtazama uso kwa uso kupitia nafasi ya mbao, pengo la sikio lake likiwa upande huu, upande wa mkono wake wa kushoto, wenye saa, na hapo Mama Kufuli akaacha kuvuta, maana siku ile pia alisimama hivi hivi, mbele yao, ndama wawili madume waliozaliwa asubuhi moja, mvua inanyesha, mkasi mkononi, daktari wa wanyama anapaza sauti kutoka garini, mwenye damu ya nje, wa baba wa kuletwa, mkate sikio la kulia, wa hapa hapa la kushoto, naye akakata, wa hapa hapa akamkata upande wa saa, anakumbuka kwa sababu damu iliingia kwenye kioo cha saa na binti yake akaisugua kwa mswaki... kushoto, sawa, lakini kushoto kwa nani, ukisimama mbele ya mnyama kushoto kwako ni kulia kwake, mama yake alimfundisha mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, hutakosea, lakini ndama hana mkono, miaka mitano sasa, miaka mitano... "Mama Kufuli, vuta basi," daktari anasema, "tumletee jike damu mpya," na dereva wa trekta anacheka, "Bwana harusi kashavaa, mama, mbona unamfungia nje?" na ndani jike ametulia, dada yake huyo, baba mmoja mama mmoja, na wa uzao huu wamebaki ishirini na saba tu, wote wajukuu wa majike watatu, daktari alishasema damu ikizunguka humo humo huchoka, homa inayomwangusha mmoja inawafagia wote, na mwaka jana wale ndama wanne, miguu imejikunja, mmoja hana macho, yeye ndiye aliyewasukuma kwenye toroli chini ya gunia, hawakuwa wazito, wakasema majike wana kasoro, hakuna aliyeuliza habari za baba, na baba alikuwa huyu, huyu huyu... basi yule mwingine, mwenye damu ya nje hasa, yule wa zizi la nyuma, kesho ndiyo zamu yake ya kuhasiwa, eti wa hapa wamezidi, kisu kimeshachemshwa, na ni yeye aliyekichemsha, yeye anayefunga kila lango mara mbili hata wakampa jina, akisema kazi imekwenda, binti yuko kidato cha pili, akinyamaza nani atajua, masikio hayasemi, maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo, ya mwaka jana yamemwagika, lakini ya kesho bado yamo ndooni, na dume anapumua puani, mvuke wake unamfikia kidoleni, wa moto... "Mama, unavuta au huvuti?" na mlango bado uko chini, kamba bado imelowa, anaizungusha kwenye nguzo mara moja, halafu mara ya pili, anakaza fundo. "Daktari," anasema bila kugeuka, "siku ile uliposema kulia, ulikuwa na maana ya kulia kwa nani?"