Jiwe la Banda la Kuku

Mara ya kwanza yule dada aliponipigia simu, nilimwambia akatafute kazi ya halali. Alisema anatoka kampuni ya magari. Eti shafti ya gari langu, kile chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ilitoka kiwandani na kasoro, kwa hiyo nilipeleke wanibadilishie bure. Mimi gari hilo nililinunua kwa mtu, nikiwa wa tatu kulimiliki. Namba yangu kaipata wapi? Tena cha bure nilichowahi kupewa maishani ni mafua.

Nikakata. Kesho yake akapiga tena, nikamtukana kidogo, nikakata. Mara ya tatu hakunibembeleza.

"Baba, gari unaliegesha wapi?"

"Mlimani, mbele ya nyumba yangu. Unataka kuja kuliiba?"

"Shafti ikiachia, hata ukiliacha kwenye gia ya kuegesha litateremka. Kama huji, basi weka jiwe nyuma ya tairi. Kubwa. Kesho nitapiga tena."

Mke wangu alikuwa anapanga mayai kwenye trei, kasikia yote. Sisi tunafuga kuku. Yeye anaokota, mimi nasambaza madukani.

"Tapeli gani huyo anayeomba jiwe?" akauliza.

Breki ya mkono ilikufa tangu mwaka juzi, na kila wiki nilikuwa naahidi kuitengeneza. Nikatoka nimenuna, nikabeba jiwe la karibu, lile linalozuia mlango wa banda la kuku, nikalisukumiza nyuma ya tairi. Sikuogopa chochote. Nilitaka tu mke wangu anyamaze.

Asubuhi kuku wote walikuwa kwenye bustani ya jirani.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari umelifunga, kuku ukawafungulia. Hongera, mume wangu. Nikimaliza kupakia trei hizi, jiwe linarudi bandani."

Alikuwa nyuma ya gari, mlango wa nyuma uko wazi, trei ya tano mikononi. Nyuma yake ni ukuta wa jirani. Mimi nimesimama kizingitini na kikombe cha chai. Nikasikia kitu kikikatika chini ya gari, ko, kama mfupa. Gari likarudi nyuma kiasi cha shibiri moja, likaanza kulipanda jiwe, likasita, likatulia.

Kikombe sijui kilikwenda wapi. Nilimvuta mke wangu pembeni, nikamshika mpaka akasema namwumiza.

"Mayai yamevunjika," akasema.

"Yaache."

Tulikuwa bado tumesimama hivyo simu ilipolia. Alikuwa yule dada.

"Baba, jiwe uliweka?"

"Niliweka," nikasema.

Walikuja kulivuta gari, wakabadilisha shafti, hawakuniomba hata senti. Breki ya mkono niliwalipa mwenyewe waitengeneze, sikungoja wiki nyingine. Siku ya kulichukua nilibeba trei ya mayai, yale makubwa. Kumbe yule dada ni binti tu, sawa na mwanangu wa kwanza, ana miwani na karatasi ndefu ya majina mbele yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika kaunta lilitoka moja: asante. Nikalirudia mara tatu kama kasuku.

"Haturuhusiwi kupokea zawadi, baba," akasema. Kisha akaitazama karatasi yake. "Ila kama una dakika mbili, kuna huyu. Jana kaniita mchawi. Labda atamsikia mwanamume mwenzake."

Akanipa simu ya mezani. Aliyepokea alikuwa fundi wa makochi, na alinipa matusi mengine ambayo sijapata kuyasikia, na mimi nimekulia sokoni. Nikangoja mpaka akavuta pumzi.

"Sawa, kaka," nikamwambia. "Yote nimeyapokea. Sasa nenda katafute jiwe, ulitie nyuma ya tairi, kisha urudi uendelee. Mimi nipo hapa nakusubiri."