Kura Moja ya Ashizawa

Lile sanduku nililitengeneza mimi. Watu wa Hakodate hunicheka mpaka leo kwa ajili ya kifuniko chake, na waache wacheke. Kifuniko kile kisingekwama, mimi seremala nisingeruhusiwa kuingia kwenye ukumbi wa ngome, na nisingeyaona niliyoyaona.

Samurai wale walifika kisiwani kwetu Ezo kwa meli, theluji ya kwanza ikianguka. Walikuwa watu wa shoguni, jemadari aliyetawala nchi kwa niaba ya Mfalme, na shoguni mwenyewe alikuwa ameshasalimu amri. Jeshi la Mfalme liliwasukuma kutoka kusini mpaka wakakosa ardhi ya kukanyaga. Wakauteka mji wetu, wakatangaza kwamba Ezo sasa ni nchi yao, kisha wakasema jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoambiwa mara tatu. Kiongozi wa nchi hiyo atachaguliwa. Kila samurai mwenye cheo ataandika jina kwenye karatasi, na karatasi zitahesabiwa. Sisi watu wa mji hatukuulizwa kitu, wala sikushangaa. Nani amewahi kumuuliza seremala?

Nchi yenyewe haikumaliza hata miezi sita. Lakini hayo ni ya baadaye.

Nyumbani kwangu walipangiwa wawili. Mmoja alikuwa Ashizawa Gonnoshin, mtu mzima, mkavu, ana maneno machache na mgongo ulionyooka hata akiwa msalani, nadhani. Wa pili aliitwa Risuke, na kwenye daftari la jeshi alikuwa ofisa mdogo. Haikupita wiki nikamgundua. Samurai hainuki kabla ya jogoo kuwika ili amchotee mwenzake maji, wala hashtuki akiitwa bwana. Mke wangu Otami alimbana kwa chai na maneno mpaka akasema. Alikuwa mbeba viatu wa Gonnoshin, mtoto wa mkulima. Kwenye vita vya Aizu bwana wake alipigwa risasi ya paja, naye akambeba mgongoni siku nzima milimani. Gonnoshin alipopona akamwandika daftarini kuwa samurai, akampa jina la ukoo alilolibuni papo hapo. Adhabu ya uongo wa namna hiyo ni upanga wa shingo, kwa hiyo tulifunga midomo yetu.

Risuke hakujua kusoma. Otami akamfundisha zile herufi nyepesi wanazoandika wanawake na watoto, kwa sababu herufi za kisomi hata yeye hazijui. Basi lile dume la miaka thelathini lilikaa karibu na jiko, ulimi nje, likichora. Herufi zake zilisimama kama kuku wamenyeshewa.

Siku ya kura ilipokaribia, alimuuliza bwana wake aandike jina gani. Gonnoshin alikasirika. Nilimsikia kupitia ukuta wa karatasi akisema, "Usiniulize mimi. Andika mtu unayeona anafaa kukuongoza. Ndiyo maana yake." Risuke akaitikia ndiyo. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na hakuna kati yetu aliyelisikia likilia.

Wakapiga kura asubuhi. Mchana niliitwa mbio, kifuniko hakitoki. Walinipa siku mbili na mbao mbichi za mwerezi, halafu wakaliweka sanduku karibu na jiko la makaa, wakategemea nini? Nikalifungua kwa patasi, nikaambiwa nikae mlangoni lisije likanuna tena.

Humo ndani walikuwa mia nane na kitu, wamepiga magoti safu kwa safu. Nilizoea kuwaona samurai barabarani, na mtu akiwaona anainamisha macho. Sasa niliwatazama. Yupo aliyetoka ukoo wa mabwana wenye ngome, yupo wa mshahara wa magunia matatu ya mchele, na karatasi zao zilikuwa za ukubwa mmoja. Mzee Hirukawa, aliyesimamia hesabu, alizitoa moja moja, akazisoma kwa sauti moja. Nywele zilinisimama. Nilijiambia, Yohachi, unaona kitu ambacho baba yako angekuita mlevi ukimsimulia.

Jina la mkuu wa meli zilizowaleta lilisomwa mpaka masikio yakachoka. Wengine watano sita walipata za kwao. Katikati ya hayo Hirukawa akafungua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akasoma, "Ashizawa Gonnoshin."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani.

Niliiona ile karatasi kwa mbali. Kuku walionyeshewa. Nikaomba jina lirudi, lirudi hata mara mbili tu. Halikurudi. Matokeo yaliposomwa, mkuu wa meli alikuwa na mamia, na mwisho kabisa wa orodha, Ashizawa, kura moja.

Mwenye kura moja, nani amempa kama si yeye mwenyewe? Kwa watu wale, anayejipigia kura mwenyewe ni afadhali angeiba kuku. Ofisa kijana aitwaye Momose aligeuka akamwambia Gonnoshin, kwa upole wa kuchoma, "Mzee, kumbe nchi ulikuwa unaitaka. Si ungetuambia tu, tukuchangie."

Gonnoshin hakukana. Kukana ni kuomba kuaminiwa, naye hakuwahi kuomba kitu. Alimwinamia Hirukawa, akaomba chumba chenye mikeka safi kabla jua halijazama, na mtu mmoja mwenye mkono mzuri wa upanga amsimamie. Kila mmoja alielewa kwamba mzee atajipasua tumbo kuifuta aibu, na mwenye upanga amkate shingo kumfupishia maumivu, na wengi waliitikia kwa kichwa kwamba ndivyo inavyostahili.

Risuke alikuwa safu ya nyuma. Nilimwona amekuwa mweupe kama unga. Akinyamaza, bwana wake amekufa. Akisema, amekufa yeye. Akasimama.

"Ile karatasi ni yangu," alisema.

Hirukawa alimwambia akae, akidhani anamkinga mkubwa wake. Risuke akaomba brashi. Akaandika pale pale mbele ya wote, polepole, ulimi nje, na karatasi mbili zikawekwa pamoja. Hakukuwa na la kubishana.

"Ofisa gani anaandika namna hii?" Hirukawa akauliza.

"Si ofisa, bwana. Mimi nilikuwa nambebea viatu. Nikaambiwa niandike anayefaa kuniongoza. Mimi namjua mmoja tu."

Hirukawa akaamua, bila chuki. Asiye samurai hana kura, kwa hiyo kura hii ifutwe. Ashizawa hana hata moja, na heshima yake haina doa. Huyu mtu atolewe nje, adhabu yake inajulikana. Karani akachovya brashi kwenye wino.

Gonnoshin alikuwa amepona. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilimchukia kwa sekunde hizo, nasema kweli. Kisha akaweka viganja vyote viwili sakafuni.

"Isifutwe," alisema. "Daftarini nilimwandika mimi, uongo ni wangu. Lakini hii siyo uongo. Huyu tangu azaliwe hajaulizwa na mtu anataka nini. Leo mmemuuliza, amejibu. Kama jibu lake ni aibu, basi aibu hiyo naitaka. Hesabuni."

Nilimtazama Momose, naye alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Hirukawa alimkodolea macho Risuke, kisha akalitazama sanduku langu, kisha karatasi.

"Sheria yetu inasema asiye samurai hawezi kupiga kura," akasema taratibu. "Huyu amepiga. Sanduku limepokea, mimi nimesoma, ninyi mmesikia. Basi mimi sioni mbeba viatu humu ndani. Karani, weka brashi chini."

Karani akaiweka, na ile kura moja ikabaki ilipokuwa. Ashizawa Gonnoshin alilia mbele ya watu mia nane, wala hakujifunika uso.