Risasi za Vichwa Butu

Bunduki ya Gunnvor ilikuwa na jina. Baba yake aliiita Shangazi, kwa sababu haikubali kushauriwa, na ukiiudhi mbele ya watu itakuaibisha mbele ya watu. Ilikuwa bunduki ya jeshi la zamani iliyokatwa mtutu na kuchongwa kitako kipya, ikawa ya kuwindia. Miaka yote Shangazi alikuwa na heshima zake. Vuli hii aliamua kurukwa na akili.

Kule bondeni kwao hakuna anayeingia msituni kuwinda elgi, yule mnyama mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama beleshi, kabla hajafaulu jaribio la shabaha. Risasi zote lazima ziingie ndani ya duara lililochorwa kwenye ubavu wa mnyama wa karatasi. Gunnvor alikuwa amejaribu mara mbili, na mara zote mbili Oddvar, mkuu wa kikosi cha wawindaji, alitembea hadi kwenye karatasi na fimbo yake ya kuonyeshea, taratibu, kama mtu anayekwenda kula.

"Jirani," alisema mara ya pili, "hii hapa imemgusa sikio. Hii imempata kwato. Hizi nyingine sijui zimempata nani. Huyu elgi angekuwa hai angekufa kwa kicheko."

Wenzake wakacheka. Gunnvor naye akacheka, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi.

"Sikufukuzi," Oddvar akaendelea, sauti ikiwa laini sasa. "Ila sheria unaijua. Jumanne ijayo ndiyo siku ya mwisho. Ukikosa tena, nafasi yako ya kuvizia pale kwenye Jiwe haiwezi kukaa tupu msimu mzima. Atakaa Steinar. Wewe utatupikia kahawa. Kahawa yako nani asiyeijua?"

Steinar alikuwa mkwe wa Oddvar, kijana wa mjini mwenye bunduki mpya, jaketi jipya na tabasamu la mtu asiyejua kwamba anagombaniwa kiti. Gunnvor hakuwa na kinyongo naye. Ila Jiwe lilikuwa lake. Lilikuwa ukingoni mwa kinamasi, mahali elgi wanapotokea alfajiri wakiwa wamelowa magoti. Alikaa pale na baba yake akiwa binti mdogo, akakaa pale na mumewe Asle, na tangu Asle afariki ndipo mahali pekee duniani ambapo ukimya haukumuuma. Kumwondoa pale na kumpa birika ilikuwa sawa na kumwambia akalale akingoja zamu yake ya kufa. Hilo hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani akaipiga teke ndoo.

Tatizo hakulielewa mara moja. Dukani alikuwa ameshanunua risasi za boksi la buluu, halafu za kijani, halafu za boksi jeusi lenye picha ya tai. Zote zilikuwa za kisasa, nyepesi, zimechongoka kama penseli, na Shangazi alizitawanya zote kama mtu anayerushia kuku mtama. Mpaka siku moja, akitafuta soksi, alipapasa mfuko wa koti la zamani la Asle akakuta risasi chache zilizosahauliwa. Zilikuwa ndefu, nzito, vichwa butu kama kidole gumba. Asle ndiye aliyekuwa akinunua risasi za nyumba ile, na akiba yake ilikwisha mwaka uliopita.

Alizipeleka uwanjani asubuhi ambayo hapakuwa na mtu. Alipoifuata karatasi alikuta matundu yote yamekumbatiana, mpaka alidhani nyingine zimepotea. Hapo akaelewa. Koo la Shangazi, pale risasi inapoingilia mtutu, lilichimbwa refu kwa ajili ya risasi ndefu za zamani zile. Hizi fupi za siku hizi zilikuwa zikiyumba mle ndani kabla ya kushikwa vizuri, zikatoka zikiwa zimelewa. Gunnvor akakaa kwenye majani yenye umande, akacheka peke yake. Kisha akakumbuka kwamba hana hata moja iliyobaki.

"Hizo siku hizi zinaagizwa, mama," mwenye duka akamwambia. "Zitafika msimu ukiwa umeshaanza."

Basi palibaki mahali pamoja. Marehemu baba yake Oddvar aliwinda na bunduki ndugu yake Shangazi, na Oddvar ana mkono wa birika, hajawahi kutupa hata msumari uliopinda. Chini ya nyumba yake, kwenye ghala kavu, maboksi ya mzee lazima yalikuwepo. Kumwomba? Angeyakalia kama kuku wa mayai, huku akisikitika kwa sauti.

Lakini wiki ile ilikuwa ya bahati nasibu ya wawindaji, ile ya kila vuli, ambapo kila nyumba hutoa zawadi. Na mkusanyaji wa zawadi, kwa miaka ambayo hakuna aliyejitolea kumpokea, alikuwa Gunnvor.

Alifika kwa Oddvar mchana akiwa na kikapu. Jorunn, mke wa Oddvar, akamkaribisha keki bapa zenye umbo la moyo na jamu ya matunda mekundu ya msituni. Kahawa aliipika Oddvar mwenyewe, maana hakumwamini mtu na kijiko, na ilikuwa nyepesi kiasi kwamba unaona ua lililochorwa chini ya kikombe.

Oddvar akaweka mezani kinara cha mishumaa.

"Kizuri," Gunnvor akasema, akikigeuzageuza. "Nilikipenda hata nilipokitoa mimi, mwaka juzi."

Jorunn akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Hakuna shida, jirani," Gunnvor akasema. "Ila mwaka huu tumeamua jina la mtoaji litangazwe kwa sauti, na zawadi iinuliwe juu watu waione." Walioamua walikuwa yeye mwenyewe, njiani, akivuka daraja.

Oddvar akakuna shingo. "Kwa sauti?"

"Kwa kipaza sauti. Majirani wa kule juu wametoa paja zima la kondoo la kukaushwa. Wewe mkuu wa kikosi usihangaike, toa chochote. Ila nakusihi, usije ukatuletea yale makorokoro ya marehemu mzee kule chini. Zile risasi za vichwa butu. Nani wa kuzitazama siku hizi?"

"Makorokoro?" Oddvar akavimba. Hapendi kitu chake kisemwe vibaya, hata kama yeye mwenyewe hakijali. "Zile ni mali. Hazijaona unyevu hata siku moja."

"Mali gani," Jorunn akadakia, "zimenizibia rafu ya jamu mwaka wa ngapi sijui. Toa hizo, mume wangu, wala hutazilipia."

Neno hilo la mwisho lilimgusa Oddvar mahali pake. Akashuka ngazi. Gunnvor na Jorunn wakabaki kutazamana, na Gunnvor akainama haraka kwenye kikombe chake akajifanya anasoma ua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Anayetajwa namba huenda mezani akajichagulia zawadi aitakayo, na risasi hupewa tu mwenye kibali cha bunduki. Maboksi mawili ya marehemu mzee yalisimama kati ya soksi za sufu na mfuko wa viazi, yakiwa na picha iliyofifia ya dubu. Gunnvor alikuwa na uhakika hakuna atakayeyagusa, kwa hiyo yatabaki mwisho, naye mkusanyaji atabeba mabaki kama kila mwaka.

Namba ya kwanza kutoka ikawa yake mwenyewe.

Ukumbi mzima ulimtazama. Lile paja la kondoo lilikuwa pale linang'aa. Mwenye akili timamu aliyeacha paja akachukua risasi za makumbusho angemfanya Oddvar afikiri, na Oddvar akifikiri huwa hakosei. Gunnvor akachukua paja akashukuru. Watu wakachukua kahawa, blanketi, mzigo wa kuni. Kisha akatajwa Steinar, akapita soksi, akapita viazi, akayainua maboksi ya dubu juu ya kichwa.

"Angalieni haya," akasema kwa furaha. "Yatapendeza sana sebuleni kwetu."

Gunnvor aliyafuata maboksi kwa macho. Mawazoni aliliona Jiwe, akamwona kijana yule amekaa pale na jaketi lake, akajiona mwenyewe anapuliza moto chini ya birika. Akavuta pumzi, akamfuata mlangoni wakati Oddvar akihesabu viti.

"Hongera, mwanangu. Ni picha ya dubu uliyoipenda, siyo?"

"Ndiyo, bibi. Vitu vya zamani vina mvuto wake."

"Kweli kabisa. Na humo ndani? Utaziweka sebuleni na baruti yake, karibu na jiko?"

Steinar akayatazama maboksi kana kwamba yamemkoholea. "Hilo sikulifikiria. Na mimi bunduki yangu ni ya aina nyingine, siwezi kuzipiga."

"Usihofu. Kibali ninacho, bunduki ninayo. Nitakuondolea hizo takataka, wewe ubaki na maboksi yako matupu, safi."

"Kweli, bibi? Sitakusumbua?"

"Majirani ni wa nini," Gunnvor akasema, akafungua mkoba. Akatoka ukumbini na risasi zikigongana tumboni mwa mkoba na paja la kondoo kwapani.

Jumatatu alikwenda uwanjani peke yake, akaizoesha darubini ya Shangazi uzito wa risasi zile. Jumanne jioni alilala juu ya mkeka mbele ya kikosi kizima. Oddvar alikuwa na karatasi ya majina na nafasi mfukoni, na kalamu tayari. Gunnvor alipiga bila haraka, akivuta pumzi kati ya risasi na risasi kama Asle alivyomfundisha, na kwa mara ya kwanza vuli ile hakuogopa.

Oddvar akaenda na fimbo yake. Alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu. Fimbo haikuwa na kazi, maana matundu yote yangefunikwa na kikombe kimoja cha kahawa.

"Umebadilisha bunduki," akasema aliporudi.

"Shangazi ni yuleyule."

"Basi ni risasi. Umezipata wapi?"

Gunnvor akamtilia ganda moja tupu kiganjani. "Za baba yako, Mungu amrehemu. Zile mali."

Oddvar akamgeukia mkwewe. "Si wewe uliyezichukua?"

"Mimi nilichukua maboksi, baba," Steinar akasema. "Yamependeza sana sebuleni."

Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa, na kikohozi kikaambukiza kikosi kizima. Oddvar akangoja kiishe. "Sawa," akasema. "Mwaka huu umenipata. Mwakani utatafuta kwingine. Zilizobaki kule chini hazitoki tena."

"Zipi zilizobaki?" Jorunn akauliza, akikata keki aliyowaletea wawindaji uwanjani. "Zote zimehamia kwa Gunnvor tangu Jumapili, ulipokuwa umelala. Rafu yangu sasa inapumua."

Hapo Oddvar akatoa karatasi, maana kwa desturi mkuu husoma nafasi kwa sauti mbele ya wote, apende asipende. Akasoma ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu akakata jina moja kwa kalamu.

"Jiwe la kinamasi," akasema chini chini, "Gunnvor."

"Sijasikia," Gunnvor akasema, ingawa alikuwa amesikia mpaka kwenye magoti.

"Gunnvor," Oddvar akarudia kwa nguvu.

"Na kahawa ya msimu atapika nani?" Steinar akauliza, kwa nia njema kabisa.

Gunnvor alikuwa ameshaanza kumfunga Shangazi kwenye mfuko wake, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto.

"Apike Oddvar," akasema. "Kahawa yake nani asiyeijua? Mimi nitakuwa jiweni na chupa yangu ya kahawa."