Majani ya Mstari wa Saba

Pale Mamba, mwaka sabini na sita, mtu wa kwanza kuingia mashamba ya mpunga kila palizi alikuwa Emerensiana. Kazi hiyo haipatikani kwa kujipendekeza. Mpunga mwitu ukiwa mchanga hufanana na mpunga wa mbegu kama watoto wa tumbo moja, na ukiuacha ukomae hupukutisha punje matopeni kabla hujashika mundu, mwaka unaofuata shamba lote ni lake. Emerensiana aliutambua kwa kupapasa shina tu, na wanawake wengine walimfuata nyuma. Hakuwa na sifa nyingine duniani wala hakuitafuta.

Gelasius, bwana shamba, hakuwa ametimiza mwaka tangu atoke chuoni. Alikuwa na baiskeli, soksi ndefu na ulimi wa mtu aliyesoma. Mwezi wa tano aliletewa pakiti kumi za mbegu na barua ya kurasa mbili: apande ngano ya majaribio, kila pakiti mstari wake. Alisoma ukurasa wa kwanza akaridhika.

Siku ya kupalilia, Emerensiana alifika mstari wa saba akasita. Palikuwa na majani membamba yaliyotambaa, hayana sura ya ngano hata kidogo. Hakuyagusa. Alimwita Gelasius kando, wenzake wakiwa mbali, asije akamuumbua kijana wa watu.

"Bwana shamba, haya yamepandwa. Jani la kujiotea halipangi foleni."

Barua ilikuwa mezani kwa Gelasius, hatua mia mbili tu. Angekwenda kuitazama, angekuwa amerudi kabla jasho halijamkauka. Lakini mwenye soksi ndefu hapendi kufundishwa na mwenye miguu mitupu.

"Mama, ngano nimeisomea mimi. Ng'oa."

Mama akang'oa.

Mwezi wa nane ikaja Landrova ya mtaalamu wa mbegu, Bwana Mabula. Watu walipokusanyika aliwagawia punje za ngano, akawaambia watafune bila kumeza. Zikageuka mnato mdomoni kama ulimbo wa kunasia ndege, wakacheka. Akawaeleza kuwa mnato huo ndio unaoshika hewa mkate ukaumuka, na kwamba ngano ya kale kabisa haikuwa nao wa kutosha. Ilikutana shambani na jani la porini, vikazaana vyenyewe, na mtoto wao ndiye ngano ya mkate. Jani hilo, babu wa mkate, alilituma lipandwe hapa hapa Mamba, mstari wa saba. Amekuja kuchukua chavua yake aizalishe upya na ngano, atafute mnato bora zaidi. Mbegu nyingine ya aina ile hakubakiwa nayo.

Gelasius akawa wa mwisho kuondoka. Walipofika shambani mstari wa saba ulikuwa udongo mtupu na kibao chake. Bwana Mabula akauliza nani amefanya hivi.

"Ni akina mama wa palizi," Gelasius akasema. "Huyu kiongozi wao hakuyatambua."

Jumba bovu likamwangukia Emerensiana mbele ya watu wake. Alimtazama Gelasius, akamngoja. Alimngoja muda wa kutosha kusali Baba Yetu mpaka amina, na bwana shamba mzima akawa anachunguza viatu vyake. Ndipo mama akasema kuwa mkono uliong'oa ni wake, basi. Bwana Mabula hakugomba. Alikunja mifuko yake ya karatasi akaondoka.

Tangu hapo Gelasius alipita njia ya nyuma kukwepa nyumba ya mama yule. Aibu ilimla. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Jumapili, nje ya kanisa, Emerensiana alimsalimu vilevile kama zamani.

Mvua zilipoanza, kijiji kilikutana kupanga palizi. Mwenyekiti akasema safari hii atangulie Hilaria, mmoja wa wapaliliaji, kwa kuwa macho ya mama yetu yamechoka. Wanawake waliomfuata Emerensiana miaka yote wakainamisha vichwa.

Gelasius akasimama.

"Aliniambia yamepandwa," akasema. "Mimi ndiye niliyemwamuru ang'oe. Siku ile nilidanganya."

Kisha mwenyekiti akatabasamu. Akasema mmejionea wenyewe moyo wa kijana huyu: yuko radhi kujipaka matope ili amsitiri mama mzee. Wakapiga makofi. Gelasius akapaza sauti kwamba anasema kweli, hamsitiri mtu, na makofi yakazidi. Hilaria akapitishwa kwa kunyoosha mikono.

Gelasius bado amesimama, mdomo wazi. Emerensiana, aliyekuwa amekaa karibu, akamvuta shati.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia taratibu. "Wameshakushukuru."