Picha ya Harusi Isiyofifia

Tangu mpiga picha alipofariki kwa ajali ya pikipiki, mjane wake ndiye aliyeendesha studio iliyokuwa mbele ya nyumba, na mama mkwe ndiye aliyeshika funguo. Mama mkwe hakuwa mkali. Alimpenda mkamwana wake kupita kiasi. Hata akienda kununua chumvi, aliulizwa atarudi saa ngapi.

Kisha jumba la makumbusho la mji mwingine likamwita mjane akafanye kazi ya kuhifadhi picha za zamani za jumba hilo. Aliposema tu, presha ya mama mkwe ikapanda. Shemeji, mdogo wa marehemu, akapigiwa simu, akaja, akasema nyumba hii bila shemeji yake ni sawa na redio bila betri. Wote wakacheka isipokuwa mjane. Habari ya kazi ikaishia hapo.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja na picha ya harusi. Ilianza kupauka pembeni, na negativu yake ilishapotea, hivyo haingeweza kusafishwa nyingine. Alitaka itiwe dawa ya kuifanya idumu, tena alitaka kushuhudia. Akaingia chumba cha giza, kile kisicho na dirisha, akaweka kiti mlangoni akakikalia.

Mjane akawasha taa, maana kazi hii haihitaji giza, akaitumbukiza picha kwenye trei ya kwanza. Dawa ile huimeza picha, kisha ya pili huirudisha kwa rangi ya kahawia. Suti ya mumewe ikayeyuka, kisha uso, kisha shela la bibi harusi. Mama mkwe, ambaye pichani alisimama nyuma amewashika wote wawili mabega, naye akatoweka.

"Umemfanya nini mwanangu?" akauliza mama mkwe kutoka kitini.

"Anarudi, mama. Subiri."

Akaisuuza. Pembeni kulikuwa na trei nyingine, ya fiksa, dawa ya mwisho ya picha za kawaida. Picha hii ikiingia humo sasa, hairudi tena. Mama mkwe asingejua kuwa ni makusudi. Mjane akaishika kwa koleo juu ya trei ile, karatasi karibu nyeupe, maji yakichuruzika, akijihisi kama aliyefungiwa stoo. Lakini alikuwa amempenda yule mwanamume. Hilo ndilo lililomshinda.

Akaitia kwenye dawa ya pili. Harufu ya mayai viza ikajaa chumbani, na watu wote watatu wakarudi.

Mama mkwe akalia kimya kimya, akauliza itadumu muda gani. Mjane akamwambia itawazika wote wawili. Kisha akatoa neno alilolimeza siku zote.

"Mama, picha itabaki na wewe. Mimi naomba niende."

Mama mkwe hakukasirika. Akafuta machozi kwa kiganja, akatoka, akarudi akiburuta sanduku la bati lililojaa picha za ukoo mzima.

"Basi nimalizie na hizi kwanza, mwanangu. Nazo zinakufa."

Mjane akaomba kwenda na sanduku, azifanyie kazi huko makumbusho.

"Halitoki humu ndani," akajibiwa kwa upole, na mama mkwe akarudi kitini.

Makumbusho wakapata mtu mwingine. Sanduku bado halijafika nusu, kwa sababu mama mkwe hutoa picha moja moja, na kila moja ina masimulizi yake. Leo ametoa ya marehemu akiwa darasa la kwanza, hana meno ya mbele. Mjane ameitazama kwa muda mrefu, akavaa glavu, akamwomba mama mkwe asogeze kiti, hewa iingie. Amesogeza, kidogo.