Jina Lililokwanguliwa

Mashine ilikataa mara ya tatu. Trent, meneja wa duka, aliichomoa kadi, akaipangusa kwenye fulana yake, akairudisha. Kioo kidogo kikaandika neno lile lile.

"Umeifanyaje hii?" aliuliza.

Kadi ilikuwa ya Nungarrayi, mfagiaji wa duka. Mahali palipokuwa na herufi za jina lake, zile zinazoinuka ukizipapasa, palikuwa na kovu jeupe lenye upana wa kidole. Alikuwa ameisugua kadi kwenye jiwe la kusagia Jumapili jioni, saa moja baada ya habari kufika kwamba dada yake, mtoto wa baba yake mkubwa, amefia hospitali ya Tennant Creek. Yeye na marehemu walikuwa na jina moja la kizungu. Mke wa mmisionari alilipenda, akawapa wote wawili, wakipishana miaka minane. Hapa Mala Bore, kijiji cha jangwani Australia, jina huondoka na mwenye kufa. Anayebaki nalo hulivua na kuitwa Kumanjayi, asiye na jina, kwa miaka kadhaa, mpaka huzuni ilegee. Nungarrayi ni jina la kundi alilozaliwa ndani yake, na wanawake wengi wanalo, hilo halifi.

Wengine walikuwa wameshafanya sehemu yao. Kwenye orodha ya zamu za usafi, kando ya friji, mtu alikuwa ameliziba jina kwa utepe. Zahanati walilipaka wino mweusi kwenye pakiti ya dawa zake za sukari. Ilibaki kadi, naye akaisugua kwa uangalifu ule ule anaosugulia masinki. Kwa kuwa herufi zilisomeka kinyume upande wa nyuma, akasugua na nyuma. Huko ndiko ulikokuwa mstari mweusi ambao mashine huusoma.

"Wifi, kadi umeisaga?" alisema Nangala, mke wa kaka yake, aliyekuwa amekaa juu ya kreti mlangoni na mablanketi matatu mapya mapajani. "Ungesema mapema, tungepika mkate."

"Pika huo ulimi wako."

"Huo haulainiki. Kaka yako amejaribu miaka thelathini."

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Nungarrayi naye alitabasamu kidogo, akamtazama Jampijinpa aliyesimama nje, kando ya pampu ya dizeli, mkono juu ya boneti la Toyota. Jampijinpa ni mtoto wa dada yake mwingine, na gari ni lake. Kadi yake ilikuwa imelipa nusu ya tangi ikaisha. Ya Nangala ilinunua mablanketi, unga na majani ya chai vya kupeleka msibani. Nusu ya pili ya tangi ilikuwa ya Nungarrayi. Malipo mengine yangeingia Alhamisi. Mazishi yalikuwa kesho, Jumatano, saa tatu asubuhi. Njia ya kwenda kwa marehemu ilikuwa ya saa sita, gari lilikuwa na taa moja, na jua likishazama ng'ombe hulala barabarani. Mwisho wa kuondoka ulikuwa saa saba. Sasa ilikuwa saa sita kasorobo.

Nusu ya kila malipo yake ya serikali ilikaa kwenye kadi hiyo. Haikuweza kununua bia, na Nungarrayi hakuwahi kuonja bia. Haikuweza kutolewa ikawa noti, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkopesha wala yeye kumkopesha mtu. Ili malipo yenyewe yasikatwe, alifagia duka na zahanati saa ishirini kwa wiki. Wakati utaratibu huu unaanza, ofisa mmoja alikuja na chati za rangi akaeleza kwamba utawasaidia watu kupanga maisha yao.

Trent alifungua droo akatoa kadi ya muda, tupu, isiyo na jina. "Hii naweza kukupa sasa hivi," alisema. "Ila mpaka uipigie simu ofisi ya malipo, wathibitishe ni wewe."

Simu ya kuipigia ofisi hiyo ilikuwa ukutani, karibu na vitunguu. Nungarrayi aliijua vizuri. Aliipangusa vumbi kila asubuhi. Alipiga, akasikiliza muziki dakika ishirini na mbili.

"Mimi naitwa Brayden," ilisema sauti ya kijana. "Naomba jina lako kamili."

"Nungarrayi."

"Hilo ndilo la mwisho?"

"Kumanjayi Nungarrayi."

Vidole viligonga kwenye kibodi. "Samahani, mama. Silioni."

"Halipo hapo. Lililopo hapo siwezi kulitaja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya dada yangu."

Sauti ilishuka. "Dada yako yuko hapo? Kuna mtu anakulazimisha? Kama huwezi kuongea, sema tu ndiyo."

"Dada yangu amekufa."

"Oh. Pole sana." Vidole viligonga tena. "Basi, jina lako kamili?"

Nungarrayi alimpa namba ya mteja kutoka kwenye karatasi. Alimpa namba ya nyumba. Alimpa tarehe ya kuzaliwa, moja Julai, ambayo ni ya nusu ya wazee wa Mala Bore, kwa kuwa karani aliyewaandikisha hakuwa na nyingine. Vyote vilikuwa sahihi, Brayden alisema, lakini jina ndiyo hatua ya kwanza, na mfumo haumruhusu kuiruka.

"Lisome wewe. Mimi nitasema ndiyo."

"Siruhusiwi kumtajia mteja jina kabla yeye hajalitaja. Ni kwa ajili ya kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

"Na mtu anayejifanya wewe."

Nungarrayi aliutazama waya wa simu. Ulikuwa safi.

"Nilitaje mimi?" Trent aliuliza kutoka kaunta. Alikuwa na miezi mitatu pale, na hakuwa mtu mbaya. Akafungua kinywa. Nangala aliinua kiganja, kimelala, akakata hewa nacho mara moja. Wanawake wa hapa huongea kwa mikono wakiwa msibani, wengine kwa miezi, na hata Trent alielewa. Nungarrayi aliirudisha simu ukutani. Trent aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akaongea kwa simu ya mezani isiyo na waya, akatoka amekunja uso.

"Wanataka sauti ya mteja mwenyewe," alisema.

Jampijinpa aliingia akiwa na funguo mkononi. "Mama mdogo, saa sita na nusu."

"Najua."

"Nusu tangi inatufikisha katikati. Tutakaa pale tuhesabu nzi. Niwapigie niseme hatuji?"

"Nyumba nani ataifagia?"

Jampijinpa alitazama chini. Nyumba ya marehemu ilikuwa imefungwa tangu Jumapili. Binti zake walikuwa wamelala uani kwa jirani, chini ya turubai, wakingoja nyayo za mama yao zifutwe kwa matawi, chumba kwa chumba, mpaka getini, roho yake iende zake. Nungarrayi alikuwa amewaambia anakuja. Maisha yake yote alifagia kwa sababu ofisi fulani ilimtaka. Huko alitakiwa na watu wake.

"Labda watampata mwingine," Jampijinpa alisema.

"Mwingine nani?"

Jampijinpa alizigeuza funguo mkononi.

Nungarrayi alimgeukia Trent. "Ile simu isiyo na waya. Inafika chumba baridi?"

"Inafika. Kwa nini?"

"Nipe."

Nangala alisimama, mablanketi yakateleza. "Wifi."

"Watoe watu nje."

"Wifi, tuongee kwanza."

"Tumeongea tangu asubuhi."

Nangala hakutania. Aliwatoa watu mmoja mmoja kwa kidevu na mkono mpaka wote wakawa kwenye baraza, migongo kwa duka. Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri aliuliza kuna nini, akaambiwa akae.

Mlango wa chumba baridi ni mzito na una mpira pembeni. Nungarrayi aliuvuta mpaka ukabana. Ndani kulikuwa na maboksi ya siagi, mifuko ya mikia ya kangaruu iliyoganda, na feni. Alisimama chini ya feni, mahali penye kelele zaidi, akapiga. Muziki ule ule ulicheza dakika kumi na moja. Vidole vilianza kufa ganzi. Safari hii alipokea mwanamke.

"Naomba jina lako kamili."

Alilitaja.

Lilitoka dogo, likiwa na mvuke. Hakuwa amelisema tangu Jumapili, na sauti iliyolisema haikuwa yake tu. Ndivyo dada yake alivyokuwa akimwita kutoka ng'ambo ya mto mkavu, akicheka, kwa kuwa alikuwa akijiita mwenyewe.

"Asante," ilisema sauti, ikalirudia. Ikauliza namba ya nyumba, ikalirudia. Ikamwomba asubiri kidogo, ikalirudia tena, kwa uchangamfu, kama ilivyofundishwa. Kisha ikamwambia kadi ya muda imeshawashwa, na kwamba kadi yake mpya, yenye jina lake, itafika kwa posta ndani ya siku kumi.

"Kuna kingine naweza kukusaidia?" Na jina.

"Hakuna," alisema Nungarrayi.

Pampu ilifanya kazi. Saa saba na dakika tano tangi lilijaa, mablanketi yakapandishwa, watu wakapanda. Nangala alimtazama mdomoni mara moja tu, kisha akatazama barabara.

Nungarrayi hakupanda. Alivunja tawi lenye majani kwenye mti ulio nyuma ya duka, akarudi ndani, akafungua chumba baridi. Alianzia chini ya feni. Alifagia akirudi kinyumenyume, kati ya maboksi, kwenye kizingiti, kando ya simu ya ukutani, mbele ya kaunta.

"Leo si zamu yako," Trent alisema, kwa upole.

Aliendelea kufagia. Alitoka barazani, akashuka ngazi mbili, akaingia kwenye vumbi jekundu, akiwa bado anarudi nyuma, na kila hatua aliyoacha tawi liliifuata na kuilaza. Jampijinpa aliwasha injini, akangoja. Alipofika garini alipanda kinyumenyume vilevile, tawi mkononi, mlango wazi. Chini, kwenye vumbi, ulibaki unyayo mmoja wa kulia, ambao kutoka pale alipokaa mkono wake haukuufikia.

Nangala aliusogeza mguu wa wifi yake pembeni, akainama nje ya mlango, akanyoosha kiganja nyuma, akiomba tawi.