Mitaro ya Bi Fuko

Katika ufalme wa Tambarare, sheria ya kwanza ilisema ardhi ni mali ya Wote. Mkulima alipewa kulima tu, kwa misimu thelathini, na mtu akifa nyumbani, Karani Korongo alikuja na miguu yake mirefu kupima upya na kumega kipande. Hakuna aliyepata kumwona huyo Wote. Ila muhuri wake ulikaa mezani kwa Mfalme Kifaru.

Bi Fuko alikuwa mjane. Alipolipokea shamba lake lilikuwa kinamasi kitupu. Yeye na marehemu mumewe walichimba mitaro kwa kucha zao mpaka maji yakahama, viazi vikakubali. Sasa Baraza lilimwita kumwarifu kwamba hapo patajengwa kasri la wageni.

"Wote wameridhia," alisoma Korongo.

"Mimi sikuulizwa," alisema Bi Fuko, "wala majirani zangu. Hao Wote ni akina nani, Mtukufu?"

Baraza likacheka kwa adabu. Kifaru akajibu kwa upole uliokera kuliko matusi: "Mama, Wote ni serikali. Udongo si wako. Chukua kilicho chako uende."

"Kilicho changu ni kipi?"

"Chochote ulichokifanya kwa mikono yako."

Bi Fuko akainama kwa heshima. "Naomba iandikwe." Na Korongo, aliyezoea kuandika kila neno la mfalme bila kulifikiri, akaandika, akagonga muhuri.

Siku hiyohiyo Bi Fuko na majirani wakaanza kuchukua kilicho chao. Walifukia mtaro wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Maji yakarudi, viazi vikaanza kuoza mbele ya macho yake. Akalia bila kujificha, huku akifukia.

Juma lililofuata Kifaru alikuja na matarumbeta kuweka jiwe la msingi. Alipiga hatua nne, akazama hadi magotini. Walinzi wakamvuta, wakazama naye.

"Mama!" alifoka. "Chimba mitaro! Ni amri!"

"Amri yako ninayo hapa, ina muhuri," alisema Bi Fuko kutoka juu ya tuta. "Mitaro ni yangu. Nitaichimba nikiona hati ya shamba yenye jina langu, na ya kila jirani yangu."

"Mfalme hatishwi!"

"Sikutishi, Mtukufu. Nasubiri tu. Mimi nina muda. Wewe tope limeshafika tumboni."